Eti Imefanikiwa!

Haya wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Wengine mmedhani nimekwenda kijijini, wengine mmenizushia kwamba nimeoa kimyakimya. Hapana. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa najitenga na kibodi mpaka zipoe. Zimepoa kidogo. Si zote.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, nisije nikaonekana nawanyooshea wenzangu vidole nikiwa nimejificha nyuma ya pazia. Miezi michache iliyopita niliandika habari ya mahakamani. Chama cha ushirika, fedha zimeyeyuka, mhasibu kapandishwa kizimbani. Katika haraka za saa kumi na moja jioni, mhariri anapiga kelele kwamba ukurasa unafungwa, nikaongeza maelezo ya mshtakiwa bila kuhakiki: nikaandika kwamba aliwahi kufundisha shule fulani ya sekondari. Kumbe aliyefundisha pale, na anayefundisha pale mpaka leo, ni mtu mwingine kabisa. Wanafanana majina mawili tu. Kosa ni langu, si la mhariri wala la karani wa mahakama. Tukachapa masahihisho ukurasa wa pili, kwenye kisanduku kile mnachokijua (tunakosea kwa herufi za kichwa cha habari, tunaomba radhi kwa herufi za sisimizi).

Nikampigia mwalimu mwenyewe. Mtu mzima, mstaarabu. Akapokea radhi, kisha akauliza swali moja tu: "Na kwenye mtandao, kijana wangu?" Nikamjibu: leo jioni, mwalimu.

Sasa sikilizeni. Mfumo wa tovuti yetu ni mkongwe. Habari ikishaingia kwenye hifadhi haihaririwi tena. Ikabidi jamaa wa IT aandike kipande kipya cha programu, cha kubandika taarifa ya masahihisho juu ya habari ya zamani. Akakiandika Alhamisi. Akakijenga, akakipeleka kwenye seva. Kompyuta ikamwandikia BUILD SUCCESSFUL, yaani ujenzi umefanikiwa. Akaniambia tayari. Nikamwambia mwalimu tayari. Sote tukaenda kula wikiendi.

Jumapili mchana simu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Mwanangu, mbona bado ipo vilevile? Wazazi wameniletea shuleni imechapishwa kwenye karatasi." Nikafungua. Ipo. Neno kwa neno. Siku tatu nzima mtu asiye na hatia anaitwa mwizi kwenye tovuti yetu, na sisi tuna ushahidi wa maandishi kwamba tumeshasahihisha.

Jumatatu asubuhi nikavuta kiti, nikakaa pembeni ya jamaa wa IT, nikamwambia anionyeshe alichokifanya, mwanzo mwisho. Akaendesha tena ule ujenzi. Mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini kama abiria wa Mbagala wakiona daladala. Nikamwambia rudi juu. Rudi juu tena. Hapo hapo! Katikati ya ile mistari, wala haijajificha, kompaila ilikuwa imeandika waziwazi kwamba kuna jina katika faili lake jipya halilijui, na kwamba kuna kosa 1. Chini yake mstari mwingine unasema utafsiri umeshindwa. Halafu kazi ikaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Na mwisho kabisa, kwa raha zake: BUILD SUCCESSFUL.

Imeshindwa, lakini imefanikiwa. Mimi nimesoma chuo kikuu na sikufundishwa lugha hiyo.

Kwa msiokaa na hawa watu, nieleze kidogo. Programu huandikwa na binadamu kwa maneno ambayo binadamu mwingine anaweza kuyasoma. Kompaila ndiyo inayoyatafsiri yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Ni kama mhariri msanifu mkali wa zamu ya usiku: akikuta jina ambalo halijatambulishwa popote, anakurudishia karatasi yako. Mfumo mkubwa una mamia ya mafaili, na hakuna mwenye muda wa kuyatafsiri moja moja kwa mkono, kwa hiyo anawekwa msimamizi. Msimamizi huyo anaitwa make, au Ant, au Maven, au Gradle, au MSBuild, inategemea umri wa mfumo na dini ya fundi. Kazi yake ni kujua kipi kijengwe kabla ya kipi, kumwita kompaila, na mwisho kutoa ripoti.

Sisi tunatumia Ant, ile iliyotoka rasmi mwaka 2000. Na Ant, nisiisingizie, ukiiambia itafsiri Java na utafsiri ukashindwa, kwa kawaida yake inasimama. Ndivyo ilivyotengenezwa. Yetu haikusimama kwa sababu mtu aliiamuru isisimame. Ndani ya faili la maelekezo kulikuwa na maneno haya: failonerror="false". Kwa Kiswahili cha mtaani: hata ukikuta kosa, kausha, songa mbele. Mtu aliyeyaandika hayupo tena kazini. Inasemekana usiku mmoja kipande fulani kilikataa kutafsirika, bosi anataka tovuti asubuhi, jamaa akaweka maneno hayo ili avuke usiku ule. Usiku ule ukapita. Maneno yakabaki, miaka na miaka.

Sasa matokeo yake ni nini? Faili jipya halikutafsirika. Lakini folda ya kazi ilikuwa na tafsiri ya zamani, ya kabla ya Alhamisi, haikufutwa. Msimamizi akaichukua hiyo ya zamani, akaifunga vizuri kwenye kifurushi kipya chenye tarehe mpya, kikapelekwa kwenye seva. Yaani ni kama mtambo wa kuchapa ukose ukurasa wa tano wa leo, uchomeke ukurasa wa tano wa Jumanne iliyopita, gazeti liende mtaani, na msimamizi wa mtambo aandike kwenye daftari: kurasa zote zimetoka salama.

Na hapa ndipo hasira zangu zilipo, kwa sababu huu ndio ugonjwa hasa uliozaa dawa hizi! Msimamizi wa kwanza wa aina hii, make, aliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs nchini Marekani mwaka 1976. Chanzo chake kinajulikana. Mwenzake Steve Johnson aliingia ofisini kwake akilalamika, amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu isiyo na kosa. Kosa alikuwa ameshalirekebisha. Ila faili lile halikutafsiriwa upya, kwa hiyo programu aliyokuwa akiijaribu ilikuwa bado imebeba kipande cha zamani. Feldman mwenyewe jioni iliyotangulia alikuwa ameumwa na nyoka huyohuyo. Wikiendi ile ile akaandika make. Mwaka 2003 chama cha wanasayansi wa kompyuta, ACM, kikampa tuzo kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo zana hizi zilizaliwa kwa sababu moja: mtu asije akarekebisha kitu halafu kitu cha zamani kikaendelea kufanya kazi bila yeye kujua. Halafu sisi tunazichukua, tunazibana mdomo, na zinaturudishia ugonjwa uleule.

Nakumbuka chuoni. Nilichukua somo moja la programu (msinicheke, nilipata C). Maabara ile tulikuwa tunatumia Visual Studio. Ukibonyeza kitufe cha kuendesha na msimbo wako una makosa, inafungua kidirisha na kukuuliza: kuna makosa ya ujenzi, je, uendelee na kuendesha ujenzi wa mwisho uliofanikiwa? Pembeni kuna kisanduku cha kuweka alama ili usiulizwe tena. Sote tuliweka ile alama. Nani anataka kuulizwaulizwa? Nikawa nabadilisha msimbo, naendesha, matokeo yaleyale. Nabadilisha, yaleyale. Saa nzima nikidhani nimerogwa. Nilikuwa naendesha programu ya jana yake.

Najua mtakachosema. Jamaa wa IT ameshanisemea kwa niaba yenu: "Kaka, ukisimama kwa kila kosa katika kazi hii, hutatoa kitu. Wewe ni mwandishi, huelewi." Sawa. Mimi ni mwandishi. Lakini nimetumia hizi wiki mbili kusoma maelekezo ya zana zenyewe, na naona hata nyinyi hamjayasoma.

Kwanza, sina ugomvi na kuendelea. Make ina amri ya -k, maana yake endelea kadiri inavyowezekana. Hebu muitazame inavyofanya. Kitu kikishindwa, yeyote anayekitegemea anaachwa pia, hajengwi. Wasiohusika wanaendelea kujengwa. Na mwisho wa safari make inakiri kwamba imeshindwa. Kila programu ikimaliza kazi huacha namba: sifuri maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Make ya GNU ukiipa -k na kosa likatokea, inaacha 2. Hiyo ni tabia ya mtu mzima! Umeanza ujenzi usiku, umeenda kulala, asubuhi unakuta orodha ya makosa yote badala ya moja. Maven wana -fae, yaani shindwa lakini mwishoni. Gradle wana --continue. Watu wanaojenga maelfu ya programu kwa mkupuo, kama wale wa FreeBSD na zana yao ya poudriere, hawawezi kusimama kwa ajili ya moja iliyogoma. Wanaendelea. Lakini ripoti yao inatenganisha: hizi zimejengwa, hizi zimeshindwa, hizi zimerukwa kwa sababu zinategemea zilizoshindwa. Hakuna anayechukua iliyorukwa akaipa cheti.

Ninachogombana nacho ni kile kingine. Make ina -i, puuza makosa yote. Maven wana -fn, usishindwe kamwe, hata iweje. (Jamani! Mtu alikaa chini akaandika kwamba ujenzi usishindwe KAMWE, kama vile kushindwa ni suala la kuamua.) MSBuild ina ContinueOnError, ukiiweka true kosa linashushwa cheo na kuitwa onyo, kazi inaendelea. Na kwenye skripti kuna wale wenye mkono mwepesi wanaomalizia kila mstari kwa || true, ambayo tafsiri yake ni: hata kikishindwa, sema ndiyo. Siku hizi kwenye GitHub Actions kuna continue-on-error, kule GitLab kuna allow_failure, na ujenzi unahesabika umepita vizuri tu.

Tofauti ya -k na -i ni herufi moja kwenye kibodi. Mmoja anaendelea kufanya kazi, mwingine anaendelea kudanganya.

Kuna mitego mingine ambayo hata mtu mwema anaweza kutumbukia. Kwenye Ant hiyohiyo, kutafsiri Java kukishindwa inasimama, lakini ukiiagiza iendeshe programu ya nje kwa exec, kawaida yake ni kutosimama programu hiyo ikishindwa. Usipoandika mwenyewe kwamba failonerror ni true, imekula kwako. Na make, pamoja na sifa zote nilizoimwagia, ina kilema chake cha kizee: amri ikishindwa katikati ya kuandika faili, kwa kawaida lile faili nusu haliondolewi. Linabaki pale na saa mpya. Ukiendesha tena, make inaangalia saa, inaona faili ni jipya, inaliruka. Dawa ipo, mstari mmoja tu: .DELETE_ON_ERROR. Wenye GNU make wenyewe wanasema karibu kila mara ndicho unachokitaka, ila hawakukiwasha kwa heshima ya mazoea ya zamani. Fungueni Makefile zenu muone kama mnao. Nasubiri.

"Lakini kuna makosa ambayo hayana maana." Kweli yapo. Umeamuru folda ifutwe na folda haipo, nani analia? Make inakupa alama ya kistari mbele ya mstari mmoja: huu tu, ukishindwa, si neno. Andika kistari chako, pembeni andika kwa nini. Hiyo ni ruhusa yenye jina na saini. Ukiweka -i kwa mfumo mzima umesaini hundi tupu ukaiacha mezani, na siku moja atapita mtu asiyejua kwa nini uliisaini. Kwetu alipita.

Tena kuna njia ya katikati ninayoiheshimu. Kompaila ya Java iliyo ndani ya Eclipse inaweza kuendelea hata msimbo ukiwa na makosa, lakini haifichi: ile sehemu yenye kosa inawekewa mtego, na siku programu ikifika pale inalipuka na kutamka kwamba hapa kuna tatizo la utafsiri ambalo halijatatuliwa. Kwenye meza ya fundi hiyo inakubalika kabisa. Kama kipande cha masahihisho kingelipuka hivyo Alhamisi usiku, tungeona ukurasa umeharibika, tungepiga kelele, na mwalimu asingelala siku tatu na jina la wizi.

Wenye pesa nao yamewakuta. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika dakika kama 45. Lile halikuwa kosa la kompaila, nisidanganye; programu mpya haikunakiliwa kwenye seva moja kati ya 8, na ile moja ikaamka na msimbo wa zamani. Wa zamani tena! Lakini kilichonitoa jasho ni hiki, kimo kwenye uamuzi wa SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji kule: kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja kosa. Tisini na saba. Hakuna aliyezifanyia kazi. Mashine ilisema, watu walishazoea kwamba mashine inasemasema tu.

Na huko ndiko tunakojipeleka. Skrini ikishajaa makosa ambayo tumeyaruhusu yapite, macho yanajifunza kutoyaona. Jamaa wa IT hakuwa mzembe. Aliangalia mstari wa mwisho, kama mnavyofanya nyote, kama mimi ninavyofanya nikipewa ripoti ya kurasa 80. Na mstari wa mwisho ulimdanganya, kwa sababu kuna mtu aliufundisha kudanganya.

Nikagombana nao ofisini. Nikaambiwa niandike habari za mahakama, mambo ya seva niwaachie wenyewe. Nikasema sawa, nipeni barua ya kumpelekea mwalimu, muandike ndani yake kwamba mfumo wetu umeagizwa kutojali makosa, msaini. Kimya. Jumatano yale maneno yakafutwa.

Usiku wa Jumatano hiyo, saa tano, simu ikaita. Jamaa wa IT. "Imegoma. Makosa kumi na moja, mengine wala si yangu, ya watu waliokwishaondoka. Umefurahi?" Nikamwambia nimefurahi sana. Akakata. Alikesha, na kesho yake akakesha tena, na nasikia mawili kati ya yale kumi na moja yalikuwa kwenye sehemu ya kutafuta habari za zamani, ile ambayo wasomaji wameilalamikia tangu sijaajiriwa na tulikuwa tunawajibu kwamba tatizo ni intaneti yao.

Ijumaa mchana akaniambia tayari. Sikumpigia mwalimu. Nilikuwa kwenye daladala ya Posta, nikamwomba dada aliyekaa pembeni yangu aniazime simu yake, simu isiyojua lolote kuhusu ofisi yetu, nikafungua ile habari. Taarifa ya masahihisho ipo juu, ina jina la gazeti, inasema mwalimu hahusiki. Nikaisoma mara mbili. Dada akauliza kama ni ndugu yangu. Nikamrudishia simu yake, nikatoa yangu, nikampigia mwalimu.